Mama Katika Tawi la Mifugo

Ilikuwapo, na nasikia bado ipo, nchi moja ambayo jina lake silitaji kwa sababu za adabu. Anayedhani anaijua ana uhuru wa kudhani, ila adhani kimyakimya, kama wafanyavyo wenyeji wake.

Nchi hiyo haikupungukiwa na kitu. Ilikuwa na bendera, wimbo, mzinga wa kuwapigia wageni wakubwa, na katika kila ofisi ya serikali kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Kilichoiuma ni habari kwamba nchi jirani, ambayo hata mzinga haina, imeziunganisha kompyuta zake zote katika mtandao mmoja, na ndani ya mtandao huo imeweka Saraka. Saraka, walisema waliotoka huko, ni kama kitabu kisicho na karatasi, ambamo kila mtu, kila ofisi na kila kifaa kina mahali pake pamoja tu. Ukitaja jina unaonyeshwa mwenye jina alipo. Baraza la Mawaziri likakutana siku hiyohiyo. Haiwezekani jirani ajue watu wake walipo, na sisi wetu tuwe tunawasikia tu.

Kikaagizwa Kiwango. Hilo ndilo jina la maandishi yanayoeleza jinsi Saraka inavyojengwa, nayo yalikuja kwa lori. Juzuu ya kwanza ilisema maneno yake yote magumu yameelezwa katika juzuu ya pili. Ya pili ilionya kwamba haitaeleweka kwa asiyeielewa ya kwanza. Ya tatu ilikuwa masahihisho ya juzuu ya nne, ambayo ilikuwa bado njiani. "Kitu ni mfano wa jamii ya kitu," ulisema ukurasa wa mwanzo, "na jamii ya kitu ni jumla ya vitu vilivyo mifano yake." Baada ya hapo mambo yakaanza kuwa magumu.

Sasa, serikali ya nchi hiyo ina desturi yake ya kusoma, nayo ni ya zamani kuliko kompyuta. Mkubwa hasomi, mkubwa husomewa. Waziri wa Mpangilio aliandika juu ya lundo, "Tafadhali soma unishauri," akamshushia Katibu Mkuu. Katibu Mkuu akaandika vilevile, akamshushia Mkurugenzi. Mkurugenzi akamshushia msaidizi wake, Bwana Vuai Kilindo, na Vuai naye alikuwa ameshakamata kalamu kuandika maneno yaleyale alipokumbuka kwamba chini yake kuna mtumishi mmoja tu, na huyo yuko likizo ya uzazi.

Vuai alikuwa mtu mwangalifu, mwenye umri wa hamsini na ushei, mjane, anayeishi na mama yake mzazi, Bi Kazija, ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Alijifungia na juzuu ya kwanza Ijumaa nzima, na jioni alitoka akiwa anaumwa jino. Hakuambulia kitu. Lakini angesema hivyo kwa nani? Aliyemshushia alikuwa akisubiri, na aliyemshushia aliyemshushia alikuwa akisubiri pia. Akaandika, "Imesomwa na kueleweka," akaweka sahihi. Lundo likaanza kupanda. Mkurugenzi akaongeza, "Imeeleweka vizuri." Katibu Mkuu akaongeza, "Imeeleweka kwa kina." Lilipomfikia Waziri lilikuwa limeandikwa kwamba jambo lenyewe ni jepesi, na asiyelielewa ana nia mbaya.

Hapo ndipo shaka ilipoingia nchini, na mpaka leo haijatoka.

Waziri, Mheshimiwa Daktari Lutengano Kasubi, aliwaita wakuu wote katika ukumbi mkubwa awaeleze Saraka. Aliingia na mpera mdogo uliong'olewa na mizizi yake, akauinua juu chini.

"Ndugu zangu," alisema, na udongo ukamwagika juu ya suti yake, "Saraka ni mti. Lakini si mti huu wa kishamba mnaoujua, wenye mizizi chini kama viazi. Huu ni mti wa kisasa. Mzizi uko juu, matawi yanashuka, na majani yako chini kabisa. Kila kitu kinaning'inia chini ya kimoja kilicho juu yake, kimoja tu, wala si viwili. Nani hajaelewa?"

Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Aliyetikisa haraka mno alishukiwa kwamba anajifanya, na aliyechelewa alishukiwa kwamba anafikiri. Nyuma ya ukumbi alikaa Bi Asnati Mbwilo, Afisa wa Kuthibitisha Uelewa, cheo kilichoundwa wiki hiyo. Hakutaka kiti cha mbele. Yeye alitazama visogo, maana aliamini kwamba uso wa mtumishi wa serikali umezoea kudanganya lakini kisogo chake hakijafundishwa. Vuai aliuhisi mtazamo ule nyuma ya shingo, kama mtu aliyekaa karibu na jiko la mkaa.

Injinia mmoja mzee, masikini, aliinua mkono. "Mheshimiwa, Kiwango kinasema kule juu kabisa, mzizini, hapana kitu. Maana yake nini?"

Waziri alimtazama kwa huruma kubwa. Juma lililofuata yule injinia alipata uhamisho wa kwenda kupima mvua katika wilaya ambayo mvua hainyeshi, na wizara ya elimu ikaagizwa kuifuta methali ya kuuliza si ujinga katika vitabu vyote vya shule.

Tangu siku hiyo Vuai alianza kuvaa makoti yenye kola ndefu. Usiku alikuwa akijiambia kwamba hakuna hata mmoja aliyeelewa. Asubuhi, akiwaona wenzake wanavyotembea kwa kujiamini na mafaili kwapani, alijiambia kwamba wote wameelewa isipokuwa yeye. Lililomtia hofu zaidi ni kwamba Bi Asnati, kwa vile anajua visogo, lazima awe anajua ni lipi kati ya hayo mawili lililo kweli.

Kazi ya kuwaning'iniza watu ikaanza, na hapohapo ikakwama. Kila mmoja alitakiwa awe chini ya mmoja, na hakuna aliyekubali. Katibu Mkuu wa Uvuvi alipoambiwa yuko chini ya Mipango alivua miwani. "Mipango? Nimesoma naye. Hesabu zake nikimfanyia mimi." Mkuu wa Mipango naye alisema yuko tayari kuwa chini ya mtu yeyote, ilimradi mtu huyo asiwe na jina. Ugomvi ulichukua masika yote. Watu waliosali safu moja wakaacha kupeana mikono.

Aliyeliokoa taifa ni Waziri wa Utamaduni. Alisimama barazani akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Jamani, tumepotea wapi? Mtu mzima mwenye heshima zake hana wa kumkalia juu, isipokuwa mama yake." Wazee walilia. Likapitishwa azimio kwamba kila mtumishi wa umma ataning'inia chini ya mama yake mzazi, akiwa hai au marehemu. Na kina mama wenyewe, kwa kuwa nao lazima waning'inie mahali, watagawiwa wizara zenye nafasi.

Ilionekana ni busara isiyo na kifani. Nchi zote duniani zinasema nani kama mama, lakini ni nchi hiyo peke yake iliyoiweka serikali yake nzima chini ya vikongwe. Tawi la Watu, ambalo ndilo linalohudumiwa na hospitali kuu, lilijaa mama za mawaziri na mama za majenerali kabla ya saa nne asubuhi. Mama za wakurugenzi wakapelekwa Utalii na Madini. Mama za wasaidizi wa wakurugenzi wakapata kilichobaki. Bi Kazija akaangukia tawi la Mifugo.

Vuai aliliona hilo kwenye kioo cha kompyuta yake, akashtuka. Alikumbuka kwamba mahali fulani katika juzuu ile alipita sentensi iliyosema jambo baya kuhusu vitu vyenye vitu chini yake. Akatamani kuuliza. Akakumbuka injinia na mvua zake. Funika kombe mwanaharamu apite, akajisemea, akainua kola ya koti.

Ulipita mwaka mmoja hivi kabla Bi Kazija hajaanza kulalamika ubavu wa kulia. Kwanza alisema ni upepo, akanywa tangawizi. Kisha akaacha kula. Asubuhi moja Vuai alimkuta amekunjamana kitandani, manjano machoni, akiuma ncha ya kanga asilie. Alimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari.

Karani wa mapokezi hospitalini alibofya jina, akatazama kioo, akamtazama bibi, akarudi kwenye kioo.

"Baba, huyu yuko tawi la Mifugo. Hapa tunatibu Watu."

"Lakini si unamwona?"

"Mimi namwona. Kompyuta ndiyo haimwoni." Kisha akatupa jicho nyuma yake na kupunguza sauti. "Na hilo la kwamba namwona, mimi sijalisema."

"Mwandike upya basi."

"Kitu kimoja mahali pamoja. Nikimwandika tena mtambo unakataa, na unapeleka taarifa. Nendeni Mifugo, baba. Wana daktari wao."

Daktari wa Mifugo aliitwa Nziku, na alikuwa muungwana. Alivua glavu ndefu zinazofika begani, akanawa, akaja na kuinama kidogo. "Shikamoo, mama." Alimpapasa tumbo kwa upole kuliko madaktari wengi wa watu. Alipomaliza alishusha pumzi.

"Ni jiwe kwenye nyongo, na limeziba. Angekuwa ng'ombe ningemshauri mwenyewe asichelewe kuchin..." Akakatisha. "Nisamehe mama, ni mazoea."

"Usijali, mwanangu," Bi Kazija alisema. "Nimezaa, nimefiwa, nimehiji. Sikutegemea tu kwamba mwisho wangu ningepewa chumvi ya kulamba."

Nziku alimvuta Vuai kando, karibu na mbuzi waliokuwa wakisubiri zamu. "Huyu anatakiwa kupasuliwa hospitali ya watu, na upesi. Mimi siwezi kumwekea kisu. Lile jiwe likileta balaa humo ndani, hakuna wa kumrudisha. Mhamishe kwenye huo Mti wenu, Bwana Kilindo. Si ninyi mlioupanda?" Kisha, kwa aibu, akatoa hereni ya plastiki ya njano, ile ya kutobolea masikio ya ng'ombe, kwa sababu kanuni ilisema hakuna kitakachotibiwa Mifugo bila alama. Hakumtoboa. Aliifunga kwa uzi kwenye kifundo cha mkono wa bibi, na Vuai alipoiona pale, juu ya mishipa ya mkono uliomlea, alisikia hasira ambayo hakuwahi kuisikia ofisini hata siku moja.

Maombi ya kuhamisha yalipelekwa kwa Bi Asnati. Ofisi yake haikuwa na kiti cha mgeni kinachomtazama mwenyeji. Kiti kilielekezwa ukutani. Vuai alikaa, akampa kisogo kama ilivyotakiwa.

"Ndugu Kilindo, unadai Mti una kosa."

"Sidai una kosa. Nasema mama yangu si mfugo."

"Nani amekwambia?"

Vuai alifikiri. Hilo swali lilikuwa na meno pande zote. "Namjua tangu zamani," alisema.

"Umekuja peke yako, au mko kikundi?"

"Peke yangu."

"Mtu mwenye uelewa hawezi kuona kosa katika kitu anachokielewa. Na wewe ulitia sahihi kwamba umeelewa. Wa kwanza kabisa, kama sikosei. Sote tulielewa kwa kukufuata wewe. Sasa ngoja nijaribu, usije ukasema ofisi yangu haina ubinadamu."

Vuai alisikia vibonye vikigongwa, kisha mlio mfupi wa mtambo kukataa. Akasikia kiti kikiburutwa, na bila ya kutegemea akaona kioo cha kompyuta kinaletwa mbele ya macho yake. Kwa mara ya kwanza alimwona Bi Asnati uso kwa uso. Alikuwa mwanamke wa kawaida, mwenye kucha zilizotafunwa.

"Soma. Niambie unaelewa imesema nini."

Kioo kilikuwa kimeandikwa: KITU HIKI SI JANI. KINA KILICHO CHINI YAKE. HAKIHAMISHIKI.

Ulikuwa mtego, Vuai hakuwa na shaka. Akisema haelewi, amekwisha. Akisema anaelewa, ataambiwa aeleze. Alisoma tena, na ajabu ni kwamba safari hii alielewa. Lile neno baya la juzuu ya kwanza lilikuwa ni hili. Jani unaweza kulichuma tawi hili ukalipachika lile. Lakini chenye kitu chini yake hakiguswi, mpaka kile cha chini kiondolewe kwanza.

"Kilicho chini yake ni mimi," alisema.

"Ndiyo hivyo?" alisema Bi Asnati, kisha haraka, "Ndiyo hivyo. Bila shaka."

"Nikiondolewa mimi, mama anabaki jani. Anahamishika. Akishafika tawi la Watu, mnanirudisha chini yake."

Bi Asnati alirudi nyuma ya kisogo cha Vuai. Sauti yake ilikuwa imepungua kitu. "Anayerudishwa huomba mwenyewe, Ndugu Kilindo. Na asiyekuwepo haombi. Ukitoka umetoka. Hakuna mshahara, hakuna cheo, hakuna kura. Hata kufa hutaweza, maana hakuna atakayeandika kwamba ulikuwapo."

Vuai alirudi nyumbani akamweleza mama yake, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Bi Kazija alisikiliza mpaka mwisho, macho ameyafumba kwa maumivu.

"Hapana," alisema. "Heri nife nikiwa na mtoto kuliko nipone nikiwa tasa. Umenielewa, Vuai?"

"Nimekuelewa, mama," alijibu Vuai, kwa sauti ileile aliyokuwa akijibia vikaoni. Kisha akatoka, akaenda kufutwa.

Haikuuma. Bi Asnati alibonyeza kitufe, akasema "Anayefuata," ingawa nyuma ya Vuai hapakuwa na mtu.

Ajabu ni jinsi watu walivyozoea upesi. Mlango wa wizara, unaofunguka kwa kusoma kadi, haukumfungukia tena. Mhudumu wa chai alipita na sinia akaruka nafasi yake. Mkurugenzi aliyefanya naye kazi miaka na miaka, ambaye walikuwa wakipeana habari za watoto wake, alimpita kwenye ngazi akitazama ukuta, na Vuai aliona kwamba mtu huyo hamchukii hata kidogo. Anaogopa tu kusalimia hewa mbele ya watu.

Lakini Bi Kazija alihamishwa. Hospitali ilimpokea siku hiyohiyo, kwa heshima zote za tawi la Watu, na akalazwa kitanda cha kati baina ya mama wa waziri na mama wa jenerali. Alipasuliwa, jiwe likatoka. Vuai alizijua habari hizo kwa mfagiaji wa nje aliyekuwa akizungumza na ufagio wake kwa sauti, maana mwenyewe hakuruhusiwa kupita getini. Wageni walitakiwa wawe kwenye Mti. Alishinda nje ya uzio wa seng'enge, upande wa dirisha la wodi, kola imeshushwa kwa kuwa sasa hakuna aliyemtazama.

Siku ya pili Bi Asnati alikuja. Alisimama upande wa pili wa uzio, akampa mgongo kama mtu anayepunga upepo.

"Siongei na mtu," alisema. "Nafikiri tu kwa sauti. Pale palipoandikwa kwamba kitu ni mfano wa jamii ya kitu. Maana yake nini?"

Kisogo chake kilikuwa hapo, mbele ya macho ya Vuai, kimelowa jasho mpaka kwenye ukosi wa gauni. Vuai alikisoma vizuri kama alivyokuwa akisomwa yeye. Mwanamke huyu hakuwahi kuelewa hata ukurasa. Au ndivyo anavyotaka idhaniwe. Mtu anayejua visogo anaweza kukitoa jasho chake akipenda. Bi Asnati alisubiri sana, kisha akaondoka polepole, akifuta shingo kwa leso.

Kesho yake gari refu jeusi lilisimama. Kioo kilishuka upana wa vidole. "Simwoni mtu hapa," ilisema sauti ya Mheshimiwa Daktari Kasubi, "na sababu ya kumwona hakuna. Lakini kule mzizini, juu kabisa, kama kungekuwa na mtu wa kuniambia, nani yuko pale? Kiwango kinasema hapana kitu. Na Mheshimiwa Rais ameanza kuuliza yeye mwenyewe yuko wapi." Vuai aliutazama ule ufa wa kioo. Akafikiria kilicho nyuma yake, askari, kinasa sauti, au mzee mwenye hofu tu. Gari liliondoka bila kupiga honi.

Basi hakuna aliyeelewa, alijua sasa, tangu chini mpaka karibu na mzizi. Habari ile haikumfurahisha. Sahihi ya kwanza ilikuwa yake.

Bi Kazija aliruhusiwa Jumanne. Alitoka kwa miguu yake, hatua fupifupi, mkono tumboni, na hereni ya njano bado ikining'inia mkononi kwa sababu hakuna muuguzi aliyethubutu kuifungua bila maelekezo. Hakumpungia mwanawe. Alimjia moja kwa moja mpaka kwenye geti na kumtazama.

"Wamenisomea kule ndani," alisema. "Jina, umri, watoto hapana. Nikawaambia someni tena. Wakasoma vilevile, mbele ya mama wa waziri. Nilikwambia nini, Vuai?"

"Uliniambia, mama."

"Na ukanijibu nini?"

Vuai alinyoosha mkono juu ya chuma cha geti, na mama yake, kwa hasira yake yote, akaushika, kisha akamwegemea bega kwa kuwa nyuzi zilikuwa zikimvuta. Mlinzi alitoka kwenye kibanda chake. Alikuwa mtu mnene, wa makamo, na kiatu chake kimoja kilikuwa kimepasuka ubavuni.

"Pole, bibi. Kanuni inasema mgonjwa anakabidhiwa kwa jamaa aliyeko kwenye Mti. Na kompyuta inasema huna mtoto."

"Na huyu?"

Mlinzi alitazama juu, akatazama chini. "Sioni mtu, bibi."

"Basi usimtazame yeye. Nitazame mimi. Nimeegemea nini?"

Mlinzi alimtazama. Mbele yake palikuwa na kikongwe aliyeshonwa tumbo juzi tu, ameinama upande mmoja kama nyumba ya udongo baada ya mvua, na haanguki. Kisha mlinzi akaugeukia upande wa wodi, akaugeukia upande wa barabara, akasogea mpaka Vuai akasikia harufu ya ugoro.

"Kwa kuwa hupo," alisema mlinzi kwa sauti ya chini, "niseme neno. Mama yangu mimi wamemweka Bandari, tawi la makontena. Macho yanamfifia, kila siku yanazidi. Kila tukienda kliniki tunaambiwa asubiri meli. Nasikia wewe ulifanya kitu, wako akahama. Sisi tuko sita chini yake, na wote tuna watoto wa kulisha. Nifanyeje?"

Vuai alimchunguza. Alitazama viatu, maana inasemwa viatu vya shushushu hung'aa. Lakini viatu hupasuliwa kwa makusudi pia. Alitafuta kisogo, lakini mtu huyu alikuwa amemkabili, macho yake yamejaa maji, na mkono wa Bi Kazija ulikuwa mzito begani. Vuai alitafuta lile jibu la vikaoni likaja mpaka mdomoni, limeiva, tayari kusemwa. Akalimeza.

"Sijui," alisema.

Neno hilo halikuwa limesikika katika nchi ile tangu lori la Kiwango lifike. Mlinzi alilipokea kama mtu aliyepewa kitu cha moto, akakibadilisha mkono huu na ule.

"Kumbe hata wewe?"

"Hata mimi. Najua lile moja tu, na limenifuta. Hayo mengine sijui, na ndugu yangu, sikuwahi kujua. Nilitia sahihi tu."

Mlinzi alishusha mabega. Alifungua geti, taratibu, bila kuandika chochote. "Hata mimi sijui," alisema, kwanza akimwambia Vuai, kisha tena, kwa sauti kubwa kidogo, akiliambia geti.

Nyuma yake mfagiaji alikuwa ameacha kufagia. Muuguzi mmoja alikuwa amesimama mlangoni na sinia la dawa, akisikiliza waziwazi.

"Haya, mmeshakuwa wengi," alisema Bi Kazija. "Mtajua baadaye kwamba hamjui. Sasa nipeni pa kukaa, nimeshonwa."

Mlinzi akaingia kibandani akamtolea kiti chake.